Pampu ya petroli ya gari la zamani: namba kwanza, spea baadaye

Ukifika dukani ukaomba "pampu ya petroli ya Land Rover ya zamani", utapewa ile iliyo karibu na mkono wa muuzaji. Land Rover za Series II, IIA na III zenye injini ya petroli ya lita 2.25 zilitoka kuanzia 1958 hadi 1985, na katika miaka hiyo yote pampu hazikuwa za umbo moja. Nyingine zina bakuli la kioo, nyingine hazina. Nyingine zina mkono mdogo wa kujazia mafuta kwa kidole, nyingine hazina. Zile za silinda sita za lita 2.6 hazina pampu inayosukumwa na kemshafti (shafti ya injini inayofungua vali), zinatumia pampu ya umeme. Kwa hiyo jina la gari peke yake halitoshi. Pampu inajulikana kwa namba iliyopigwa kwenye bodi yake na kwa vipimo vyake, na anayekwenda sokoni bila hivyo viwili hununua mara mbili.

Maelezo haya yanahusu hasa pampu za kampuni ya AC zinazosukumwa na kemshafti. Ndizo zilizofungwa kwenye Land Rover za silinda nne na kwenye magari mengi ya Uingereza ya enzi hiyo, kama Vauxhall, Ford na Hillman. Mwishoni tutagusa pampu za umeme za kampuni ya SU.

Hakikisha kwanza kwamba pampu ndiyo mbovu

Pampu nyingi hutupwa zikiwa nzima. Anza nyuma, kwenye tangi. Gari linapokata mafuta, fungua kifuniko cha tangi: likirudi kuvuta, tundu la hewa la kifuniko limeziba. Kisha chomoa paipu inayoingia kwenye pampu, weka kipande kifupi cha mpira mpya wa petroli, na ncha yake uitumbukize kwenye dumu dogo la petroli safi. Injini ikitulia, pampu haina kosa, kuna mahali hewa inaingia kati ya tangi na pampu. Upande huu wa kuvuta haudondoshi petroli hata ukiwa na ufa, kwa kuwa hewa ndiyo inayoingia ndani. Ndiyo maana mtu anaweza kulala chini ya gari siku nzima asione unyevu wowote.

Hatua ya pili ni upande wa kabureta. Chomoa paipu kwenye kabureta, ielekeze kwenye chupa, toa waya mkubwa wa koili ili pasiwe na cheche, kisha mwenzako apige stata. Unatakiwa kuona mruko mmoja wenye nguvu kwa kila mizunguko miwili ya krenki (shafti kuu ya injini), kwa sababu kemshafti huzunguka nusu ya kasi ya krenki. Mruko dhaifu wenye mapovu ni hewa. Mruko dhaifu usio na mapovu ni diaframu (kiwambo cha mpira kinachovuta na kusukuma petroli) iliyochoka, vali zisizofunga, au mkono uliolika. Ukiwa na geji ndogo na kiungo cha T, pima presha: pampu za aina hii hufanya kazi kati ya psi 1.5 na 5 kulingana na gari, na kitabu cha gari lako kitakupa kiwango kamili.

Chini ya bodi ya pampu kuna kitundu kidogo. Petroli ikidondoka hapo, diaframu imepasuka. Ikidondoka oili, sili ya fimbo ya diaframu imekwisha. Sasa vuta dipstiki: ikinuka petroli, au oili ikiwa imepanda juu ya alama wakati hukuongeza, zima injini na usiiwashe tena hadi umwage oili yote. Petroli huifanya oili kuwa nyepesi, nayo bearingi za krenki hazivumilii hali hiyo.

Mkono wa kujazia mafuta kwa kidole nao huwahadaa wengi. Ukiusukuma ukaona hauna ukinzani, usiseme pampu imekufa. Huenda kemu (nundu ya kemshafti inayosukuma mkono wa pampu) imesimama juu na imeshavuta diaframu hadi mwisho. Zungusha injini mzunguko mmoja kamili wa krenki, ujaribu tena.

Mvuke nao huiga ubovu wa pampu. Gari likipanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru mchana wa jua, petroli huchemka ndani ya pampu, kwa kuwa injini ni ya moto na hewa ya juu ni nyepesi. Funika pampu kwa kitambaa kilicholowa maji. Gari likirudi katika hali yake baada ya dakika chache, tafuta gasketi nene ya kuzuia joto kati ya pampu na bloku, na usogeze paipu mbali na ekzosi. Usinunue pampu.

Soma namba, kisha pima

Osha pampu kwa mafuta ya taa na brashi. Kwenye AC, tafuta namba kwenye ukingo pale nusu ya juu na nusu ya chini zinapokutana. Mara nyingi imejificha chini ya matope na rangi. Piga picha ya namba, ya pampu kutoka pande zote nne, na ya mkono ukiwa umelazwa kando ya rula.

Vipimo vya kuandika ni hivi: umbali kati ya vitovu vya matundu mawili ya bolti za kufungia kwenye injini, urefu wa mkono kutoka uso wa kufungia hadi ncha, mkono unapinda juu au chini, idadi ya skrubu za ukingo, kipenyo cha diaframu, na urefu wa fimbo ya diaframu hadi kwenye mkato wake. Ongeza mwelekeo wa tundu la kuingilia na la kutokea, kwani bodi nyingine ziligeuzwa kwa ajili ya gari jingine na paipu yako haitafika.

Nyuzi za viungo ni mtego wa peke yake. Paipu ya Kiingereza ya inchi 5/16 ni milimita 7.94, na ya Peugeot ni milimita 8. Kwa jicho hazitofautiani, lakini nati za nyuzi za Kiingereza na za metriki hazikubaliani. Mtu akilazimisha, bodi laini ya aluminiamu ndiyo inayokatika nyuzi, na bodi hiyo ndiyo uliyokuwa unataka kuiokoa.

Wenye Volkswagen Beetle wana kipimo cha ziada. Pampu yao inasukumwa na fimbo. Ile ya injini yenye dainamo ina urefu wa milimita 108, na ya injini yenye alteneta ni milimita 100. Ukifunga pampu mpya ya aina moja juu ya fimbo ya aina nyingine, ama haitatoa mafuta au itavunjika ndani, kisha lawama zote zitamwendea muuzaji. Fimbo ikiwa juu kabisa, inatakiwa kuchomoza milimita 13 hivi juu ya gasketi.

Unachotakiwa kununua

Seti ya ripea ya AC inayofaa huwa na diaframu moja yenye fimbo yake, vali mbili na gasketi zake, gasketi ya bakuli, sili ya fimbo na wosha zake, na gasketi ya kufungia kwenye injini. Seti yenye diaframu peke yake ni ya bei nafuu, lakini vali za miaka 50 hazitakuwa mpya kwa kuoshwa.

Uliza diaframu imetengenezwa kwa kitu gani. Jibu unalotaka ni Viton (aina ya mpira unaovumilia petroli), au kitambaa kilichopakwa mpira unaovumilia ethanoli. Uingereza ilihamia petroli ya E10, yenye ethanoli hadi asilimia 10, mwezi Septemba 2021, na watengenezaji wa seti za sasa wanalijua hilo. Hata kama petroli ya mji wako haina ethanoli, mpira huo huvumilia vizuri zaidi viungo vya petroli ya leo kuliko mpira wa 1965.

Hapo ndipo tunapokosana na wapenzi wa "mpya ya zamani", yaani spea iliyotengenezwa enzi zile na kukaa kwenye boksi lake mpaka leo. Kwa bodi, springi, bakuli la kioo na mkono, inunue bila kusita. Kwa diaframu, iache. Mpira hukauka hata ndani ya boksi, na boksi zuri lenye maandishi ya zamani halitazuia petroli isidondoke juu ya ekzosi.

Springi ya diaframu nayo isibadilishwe ovyo. Presha ya pampu hii haitokani na kemu, inatokana na springi. Kemu huvuta diaframu chini tu, na springi ndiyo inayoisukuma juu. Mtu akiivuta springi kwa koleo "iongeze nguvu", presha hupanda, sindano ya kabureta inayofunga njia ya petroli inashindwa kuzuia, na petroli inafurika. Kama springi yako haina kutu wala haijavunjika, irudishe ileile.

Na diaframu ya kukata kwenye tyubu ya tairi ikatae. Mpira wa tyubu hunywa petroli, huvimba na kulegea. Itakufikisha kituoni, lakini si nyumbani.

Wapi pa kutafuta

Nairobi, anza Kirinyaga Road, ambayo wengi bado wanaiita Grogan. Dar es Salaam, anza Kariakoo kwa maduka na Gerezani kwa mafundi. Usiulize tu kama wanayo. Onyesha picha ya namba, na umwombe muuzaji atoe pampu uilaze kando ya ile ya zamani kabla ya kulipa. Land Rover za Series ziliunganishwa Thika kwa miaka mingi, kwa hiyo bodi za zamani bado zinapatikana kwa wachinja magari. Bodi chakavu yenye namba sahihi ina thamani kuliko pampu mpya ya kuigiza, kwa sababu bodi za kuigiza mara nyingi huwa na ukingo usionyooka na mkono wa chuma laini unaolika mapema. Ukiona gari bovu linachinjwa, nunua pampu nzima pamoja na bolti zake. Hutajua lini utahitaji bakuli au pini.

Arusha ina wajuzi wengi wa Land Rover kutokana na kazi za safari za mbugani. Wengi wao wamezoea dizeli na Land Rover 110 za baadaye, lakini watakuelekeza kwa mzee anayejua Series. Nairobi, maonyesho ya magari ya kale ya Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse ni mahali pazuri kuuliza swali moja tu: "Nani alikutengenezea hii?" Jibu la mwenye gari linalowaka lina uzito kuliko tangazo.

Nje, Paddock Spares ya Derbyshire na John Craddock ya Cannock, zote za Uingereza, huuza spea za Series. Kwa SU, nenda moja kwa moja Burlen ya Salisbury, ambao ndio wanaotengeneza pampu na spea za SU. Kwa magari ya Kimarekani, Then & Now Automotive ya Massachusetts hutengeneza upya pampu za zamani na kuuza seti zake. Mwenye Peugeot 404 au 504 aangalie L'Aventure Peugeot huko Ufaransa, asisahau pia Nigeria, ambako 504 iliunganishwa kwa miaka mingi. Pampu za Beetle zilitengenezwa pia Brazil na Brosol. Mwenye Land Cruiser ya FJ40 ana bahati kuliko wote: Toyota yenyewe imerudisha baadhi ya spea za 40, na masoko ya spea za Sharjah yana njia iliyozoeleka ya kufikisha mizigo Mombasa na Dar.

Ukituma pampu nje kutengenezwa, imwage, isafishe, iache wazi ikauke siku kadhaa hadi isinuke. Wasafirishaji hukataa kitu chenye mabaki ya petroli, na wana haki. Andika kwenye karatasi ya mzigo kwamba ni spea iliyotumika, tupu na kavu, inayokwenda kutengenezwa na kurudi. Weka picha na risiti za kwenda, la sivyo ushuru wa kurudi utatozwa kama wa kitu kipya.

Kumpima fundi

Muulize mambo matano. Je, utanirudishia bodi yangu au utanibadilishia? Unabadilisha vali au unaziosha? Diaframu ni ya mpira gani? Pini na mkono vikiwa vimelika unafanyaje? Baada ya kufunga, unapima presha na uvutaji, na utaniandikia namba? Anayejibu swali la mwisho kwa "wewe washa tu utaona" bado hajawa mtaalamu wa pampu.

Mafundi wa pampu na nozo za dizeli wana meza safi na mikono mizuri, na wengi wanazijua pampu za diaframu kutokana na zile za kuvuta mafuta kwenye dizeli za zamani. Mpe kazi, lakini mletee wewe seti. Mkono uliolika huongezwa chuma kwa kuchomelea, ukachongwa kwa umbo la awali na kutiwa ugumu. Bila kutiwa ugumu utalika upya haraka. Pini iliyolegea hutengenezewa bushi na fundi wa kukereza. Kazi hizi mbili jua kali wanaziweza vizuri kuliko bei ya kuzipeleka Ulaya.

Ukiamua kufungua mwenyewe

Kabla ya kugusa skrubu, piga alama ya tupa kwenye nusu zote mbili ili zirudi zilivyokuwa. Toa skrubu, inua nusu ya juu. Diaframu ibonyeze chini, izungushe robo mzunguko, nayo itajitoa kwenye mkono. Vali za matoleo ya zamani hushikwa na kibati na skrubu. Za baadaye zimegongewa kingo, hivyo zikwangue taratibu. Kumbuka kwamba moja inaangalia juu na nyingine chini. Ukizielekeza upande mmoja, pampu haitatoa hata tone.

Usiloweke bodi kwenye magadi makali, yanakula aluminiamu. Ukingo uliojikunja kwa kukazwa kupita kiasi unyooshe kwa kuusugua juu ya kioo kilichotandikwa msasa wa namba 400, ukizungusha kwa mwendo wa umbo la 8.

Kosa linaloua diaframu mpya hutokea wakati wa kufunga. Ukikaza skrubu huku diaframu ikiwa imelala bapa, inabaki imebanwa bila nafasi ya kunyumbuka, na siku ya kwanza kemu inapoivuta hadi mwisho, inachanika kwenye ukingo. Kaza skrubu zote kwa vidole tu, kisha sukuma mkono wa pampu hadi mwisho na uushikilie hapo, ndipo ukaze kwa kupishana, moja upande huu, nyingine upande wa pili. Silikoni usiitie popote. Petroli huilainisha, vipande vyake huishia kwenye jeti za kabureta. Waya wa bakuli la kioo kaza kwa vidole, koleo hupasua bakuli.

Ukirudisha pampu kwenye injini, sikiliza kwa mikono. Bolti zikianza kukaza, pampu iwe inasukuma nyuma kwa ukinzani laini wa springi. Ikigoma kama jiwe, mkono umekaa upande usio wake wa kemu, na ukiendelea kukaza utauvunja. Gasketi moja tu: kila gasketi ya ziada humpunguzia mkono safari na pampu mafuta. Baada ya kilomita 100 hivi, rudia kukaza skrubu za ukingo, kwa kuwa diaframu mpya hubonyea.

Pampu za SU

SU hujieleza kwa mlio. Ukiwasha swichi, igonge tik-tik hadi kabureta ijae, kisha inyamaze. Ikigonga kwa kasi bila kukoma, inavuta hewa au tangi ni tupu. Ikigonga mara mojamoja injini ikiwa imezimwa, mafuta yanarudi kupitia vali au sindano ya kabureta haifungi. Ikiwa kimya, pima umeme kwenye waya na uhakikishe erthi kabla ya kulaumu chochote. Kisha igonge kidogo kwa mpini wa bisibisi. Ikiamka, platini zake (ncha zinazokata na kuunga umeme) zimeungua au zimeota ukungu kwa kukaa muda mrefu, na itakuangusha tena.

Unapofunga diaframu ya SU ya platini, hakikisha roli zote 11 za shaba zimekaa mahali pake. Zungusha diaframu kuingia hadi mtambo usiruke tena ukiibonyeza, kisha irudishe kidogokidogo hadi uruke tu. Ipeleke kwenye tundu la karibu, halafu irudishe matundu 4 zaidi, yaani theluthi mbili za mzunguko. Ukibadilisha platini kwa kifaa cha elektroniki, angalia kama gari lako bado lina erthi ya chanya (ncha chanya ya betri ndiyo iliyoungwa kwenye bodi), kama yalivyo magari mengi ya Kiingereza ya kabla ya katikati ya miaka ya 1960. Kifaa cha erthi hasi kikiungwa kinyume huungua papo hapo.

Kuhamia pampu ya umeme

Gereji nyingi zitakushauri utupe AC na ufunge "ya Toyota". Pampu ya gari la injeksheni husukuma psi 40 na zaidi, na hakuna sindano ya kabureta ya zamani itakayozuia hiyo. Petroli itamwagika juu ya injini ya moto. Kama ni lazima, nunua ya presha ndogo ya volti 12 iliyokusudiwa kwa kabureta, ifunge karibu na tangi na chini yake kwa kuwa inasukuma vizuri kuliko inavyovuta, na weka filta kabla yake. Ziba tundu la pampu ya zamani kwa bamba na gasketi, au oili itatoka humo. Umeme wake upitie fyuzi na relei inayokatwa na swichi ya presha ya oili, ili gari likianguka au injini ikizimika, pampu isiendelee kumimina petroli.